Kiganja Baada ya Mizani

Saa mbili na robo asubuhi, Jumanne, ndoo ya kwanza ya siku ilitoka kwenye kalibu ikiwa na buluu iliyokolea kuliko ndoo ya mwisho ya jana yake. Evaresta Kokugonza aliishika kwa vidole viwili, kwa kuwa ilikuwa bado ya moto, akaitoa nje juani na kuiweka kando ya ile ya jana. Hakuhitaji kuinama wala kukunja uso. Zilikuwa buluu mbili.

"Labda ya jana haijaamka vizuri," alisema Nsanzimana, mwendesha mashine, akiwa amesimama mlangoni na glavu mkononi.

"Ndoo hailali."

"Basi ya leo ndiyo imekunywa chai."

Evaresta alirudi ndani. Alikuwa msimamizi wa karakana hiyo ya Igurwa, jengo refu la bati lililokuwa ghala la kahawa kabla mwenye mali, Mutabazi, hajanunua mashine kuukuu ya kuyeyusha plastiki na kuisukuma ndani ya kalibu, umbo la chuma linaloipa ndoo sura. Aliyemshawishi ainunue alikuwa Evaresta. Alisomea kazi ya plastiki chuoni, akaifanya miaka mingi katika viwanda vya Mwanza, kisha akarudi nyumbani kwa sababu alichoka kupanga chumba ambacho jirani akipiga chafya, kitanda chako ndicho kinachotikisika. Sasa alikuwa na nyumba yake, migomba yake, na mashine moja ambayo ingeweza kuondoka wiki hiyohiyo.

Chanzo cha hatari hiyo kilikuwa mwanamke mmoja na macho yake. Kyarisiima, mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji wa Bugomora, upande wa Kyerwa, alikuwa ameagiza ndoo za maziwa mia tatu, zote buluu moja. Alipokuja kuzichukua wiki iliyotangulia alizipanga kwenye nyasi, akapita mbele yake mara moja tu, akasimama.

"Fundi, mimi nilikuagiza kundi. Hapa umenipangia mnada."

Kyarisiima alikulia machungani. Alikuwa na uwezo wa kusimama upande mmoja wa bonde na kukuambia kwamba ng'ombe aliye upande wa pili ni gaaju, yaani mwekundu wa kahawia, wala si bihogo, kahawia nzito. Kati ya hao wawili alikuwa na majina ya rangi nyingine kadhaa ambazo mtu wa mjini angeziita ng'ombe tu. Mtu wa namna hiyo haambiwi kwamba buluu zote ni buluu.

Tena alikuwa na sababu. Kikundi cha jirani kilitumia ndoo za buluu iliyopauka, na ndoo zote hukutana kwenye kituo cha kupokelea maziwa. "Ndoo yangu ikipauka kidogo tu, ni yao," alieleza. "Na akina mama wale wakishachukua kitu, hata Mungu anakiomba kwa adabu."

Sababu ya pili ndiyo iliyomkalia Evaresta kichwani. Ndoo hizo zilikuwa za kushinda juani, kwa hiyo ziliwekwa dawa ya kuzuia jua lisizikaushe na kuzipasua. "Rangi ninaiona, na imekosewa," alisema Kyarisiima. "Dawa siioni. Niambie wewe, nisichokiona kikoje?"

Lilikuwa swali halali. Akawapa hadi Jumamosi.

Mutabazi hakupaza sauti. Alisema tu kwamba kuna mtu wa Mwanza ameiulizia mashine mara mbili, na kwamba Jumamosi mama yule akikataa tena, mtu huyo hataiulizia mara ya tatu. "Mimi ni mtu wa kahawa," alisema. "Kahawa ikikosea rangi, unaikaanga."

Ndiyo maana Jumanne hiyo Evaresta alichukua msumeno, akaikata ndoo mpya toka mdomoni hadi kitakoni.

"Maskini," alisema Nsanzimana. "Haikufikisha hata saa moja duniani."

Evaresta aliinua kipande kuelekea dirishani. Plastiki huja karakana ikiwa punje nyeupe ndani ya mifuko. Rangi nayo huja ikiwa punje, lakini punje hizo zimesheheni rangi kiasi kwamba nusu kilo inatosha mfuko mzima wa punje nyeupe. Dawa ya jua huja vilevile, punje zake zikiwa hazina rangi kabisa. Vyote vitatu hutiwa katika pipa lililotobolewa pande mbili na kupitishiwa mhimili, mtu akazungusha mpini, punje zikaporomoka juu ya nyingine mpaka zikachanganyika, ndipo zikaenda kwenye mashine. Pipa likizungushwa kivivu, ndoo hutoka na mawingu na michirizi: hapa buluu ya kanga, hapa maziwa. Kipande alichoshika Evaresta hakikuwa na wingu wala mchirizi. Kilikuwa buluu moja toka juu hadi chini.

"Imechanganywa vizuri," alisema.

"Sasa kosa liko wapi?"

"Haliko ndani ya ndoo. Kila pipa liko sawa lenyewe kwa lenyewe. Ni mapipa ndiyo hayafanani."

Nsanzimana alilifikiria hilo. "Kama familia yetu."

Yalibaki mambo mawili: joto au kiasi. Evaresta alianza na joto, kwa sababu rangi ikiungua hugeuka. Alimwambia Nsanzimana apandishe joto la mashine, watoe ndoo tano, kisha alishushe, watoe nyingine tano, zote kutoka pipa lilelile. Ndoo kumi zilitoka zikafanana kama mayai ya kuku mmoja. Joto likaondoka kwenye orodha.

Kilibaki kiasi. Na kiasi kilikuwa mikononi mwa Mukashema.

Mukashema alikuwa mama wa makamo kutoka Kanoni, ambaye watu walimwita Mama Uwitonze kwa jina la mwanawe wa kwanza. Kabla ya karakana aliuza maharage kwenye gulio kwa muda mrefu kuliko umri wa Nsanzimana, na alichukuliwa kazini kwa sababu hiyohiyo: hakuna mtu aliyewahi kumkamata na mizani ya uongo. Kazi yake ilikuwa kupima na kuchanganya. Nsanzimana alikwenda kwake kila pipa lilipohitajika, akamsaidia kuzungusha mpini, kisha akabeba mchanganyiko.

"Mama Uwitonze, nataka kuona unavyopima," alisema Evaresta.

"Kuna mtu amesema kitu?"

"Hakuna. Nataka kuona."

"Mtu akitaka kuona mizani ya mwenzake, kuna mtu amesema kitu." Lakini alikuwa tayari ameshika chepe dogo la kuchotea. Alimimina punje za rangi kwenye sahani ya mizani mpaka mshale ukasimama kwenye nusu kilo. Punje moja ilikuwa imezidi, akaitoa kwa ukucha.

Evaresta alirudia kuangalia mchana, na Jumatano asubuhi tena. Kila mara mshale ulisimama mahali pake, akaondoka. Alichokuwa amekuja kuona alikuwa amekiona. Jumatano hiyohiyo ndoo za asubuhi zilitoka zimekolea, za mchana zikatoka zimepauka, na Nsanzimana akaanza kusema kwamba huenda kuna mtu karakana anaota ndoto za buluu.

Baada ya chakula cha mchana kalibu iligoma kufunguka. Nsanzimana alikuwa amepiga magoti mbele yake na spana mbili na maneno ambayo mama yake hakumfundisha, kwa hiyo Evaresta alikwenda mwenyewe kufuata pipa lililofuata.

Mukashema alipima nusu kilo. Mshale ukasimama. Akamimina punje za rangi ndani ya pipa. Kisha, pasipo kusita wala kuangalia pembeni, alichota kiganja kimoja cha punje kutoka kwenye mfuko wa rangi, akatia ndani ya pipa. Akachota cha pili. Akamtazama Evaresta, akatabasamu, akachota cha tatu.

"Mama Uwitonze. Hiyo ni nini?"

"Ipi?"

"Hiyo uliyotia sasa hivi."

"Hii?" Mukashema alitazama mkono wake kama mtu anayeulizwa kuhusu pua yake. "Hii si kitu. Ni nyongeza."

Evaresta alikaa kwenye mfuko wa punje nyeupe.

"Unatia nyongeza kila pipa?"

"Si kila pipa! Kila pipa ni kufilisika." Mukashema alionekana kukerwa. "Natia kulingana na mtu. Wewe ni msimamizi, na hujawahi kuja kwangu kuchukua pipa. Ningekupa kiganja kimoja, watu wangenionaje?"

"Lakini nimekuangalia mara tatu ukipima."

"Na nilipima vizuri, sikupima vizuri?"

"Ulipima vizuri."

"Basi. Mizani ni ya mali. Nyongeza ni ya mtu. Kitu kilichoko kwenye mizani umekinunua, huna haja ya kunishukuru. Waitu, mwenzangu, wewe hujawahi kununua maharage?"

Evaresta alikuwa amenunua maharage tangu utoto wake, na hakuweza kukumbuka hata siku moja ambapo muuzaji alimfungia bila kutupia kiganja juu. Asingeyanunua tena kwa muuzaji wa namna hiyo. Ulikuwa ushahidi upande wa Mukashema, akaukubali. Hata hivyo, punje za rangi si maharage. Kiganja kimoja juu ya nusu kilo kinatosha kuisogeza buluu mahali ambapo Kyarisiima angeiona akiwa juu ya pikipiki. Pia sasa lilijieleza jambo ambalo yeye alikuwa amemlaumu nalo muuzaji wa rangi kimoyomoyo: mifuko ya rangi iliyokuwa ikiisha mapema.

"Na dawa ya jua? Nayo unaitia nyongeza?"

Mukashema alicheka mpaka akashika pipa. "Dawa haina rangi! Nimpe mtu nyongeza ya kitu asichokiona? Si atadhani sijampa?"

Hilo lilikuwa jibu la swali la Kyarisiima, na lilikuwa jibu zuri kuliko Evaresta alivyotumaini. Dawa ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Lakini alihitaji kuthibitisha lile la rangi. Alikuwa na desturi ya kuhifadhi ndoo moja ya kila pipa, akiandika kitakoni siku na zamu. Alizitoa zote nje, akazipanga ukutani kwa mfuatano, akamleta Mukashema akiwa amezipa ndoo mgongo, akamwita na Nsanzimana.

"Jumatatu asubuhi, pipa la kwanza," alisema Evaresta. "Ulimpa ngapi huyu?"

Mukashema hakusita. "Viwili. Alikuja akasema shikamoo mama, akaniuliza goti langu limeamkaje."

Ndoo ya Jumatatu asubuhi ilikuwa imekolea.

"Jumatatu mchana."

"Sikumpa kitu. Alipiga mluzi." Mukashema alimgeukia Nsanzimana. "Mluzi! Mimi ni mbwa wako?"

"Mama, nilikuwa nimebeba mfuko kichwani!"

"Mdomo ulikuwa umebeba nini?"

Ndoo ya Jumatatu mchana ilikuwa imepauka.

"Jana asubuhi."

"Vitatu. Aliniletea muwa."

Evaresta aliitazama ile ndoo ya jana asubuhi, au tuseme mwenzake, kwa sababu yenyewe aliikata kwa msumeno. Ilikuwa imekolea kuliko zote ukutani.

"Jana mchana?"

"Kimoja. Alisalimia, lakini kama mtu anayesoma bango."

Waliendelea hivyo mpaka mwisho wa ukuta. Mukashema hakukosea hata ndoo moja. Nsanzimana alikuwa amevua glavu, akawa anaitazama safu ile ya buluu kwa uso wa mtu aliyeonyeshwa picha alizopigwa bila taarifa.

"Kwa hiyo ndoo za Bugomora ni tabia yangu?"

"Kwa wiki mbili sasa," alisema Evaresta.

"Na Kyarisiima amezitazama tabia zangu zote, akazikataa."

"Alizikataa kwa sababu hazifanani. Ungekuwa na adabu wakati wote, au ungeikosa wakati wote, zingefanana."

"Basi dawa ni rahisi. Nimtukane kila siku."

"Jaribu," alisema Mukashema.

Evaresta alidhani dawa ni rahisi kweli, ila si hiyo. Alimweleza Mukashema kwamba tangu sasa nyongeza imekoma: mizani, pipa, kifuniko, basi. Mukashema alisikiliza na kukubali kila neno. Alikuwa mama mwelewa, na mtu mzima haambiwi jambo mara mbili. Kisha Nsanzimana akaingia na kusema shikamoo mama, kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha wa mluzi, na mkono wa Mukashema ukachota kiganja kimoja, ukakitia ndani ya pipa.

Wote watatu walitazama ndani ya pipa.

"Yewe!" alisema Mukashema. "Umekwenda wenyewe."

Alijaribu kurekebisha. Alitumbukiza mkono kuzitoa punje za buluu alizotia, lakini aibu ilikuwa imemshika na aibu haipimi. Alitoa zaidi ya alizoongeza, na kabla Evaresta hajamzuia, Nsanzimana alikuwa ameshafunga kifuniko na kuanza kuzungusha. Ndoo za pipa hilo zilitoka na rangi ya maji ya sabuni.

"Hizi wapelekee wale jirani," alisema Nsanzimana. "Watazipenda."

Jumatano ikaisha hivyo. Walibaki na Alhamisi na Ijumaa, na ndoo mia tatu za kutengeneza.

Alhamisi asubuhi Evaresta alisimama karibu na mizani tangu mfuko wa kwanza. Mukashema alipima akiwa amebana mkono wa kulia chini ya kwapa la kushoto. Nsanzimana alisalimia. Mukashema aliitikia huku akitazama ukuta. Pipa lilitoka sahihi, lakini ilikuwa dhahiri kwamba huyo si mtu anayeweza kufanya kazi hivyo mpaka kesho jioni. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Ananifukuza bila kunifukuza," Nsanzimana alinong'ona. "Mteja anaondoka hivihivi. Sijisikii vizuri hata mimi."

"Wewe si mteja."

"Najua. Lakini mashine ndiyo inayokula nyongeza yangu siku zote, na haijawahi kusema shikamoo. Mama Uwitonze angenipa mimi mkononi, nikatafuna, nani angelalamika?"

Alisema kwa mzaha. Evaresta alimgeukia.

"Utatafuna nini?"

"Eh?"

"Nakuuliza. Kitu gani?"

Kabla ya saa nne Evaresta alikuwa amerudi kutoka barabarani na kapu dogo la kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya kunukia na kukaushwa na maganda yake, ambayo mgeni yeyote aingiaye nyumba ya Karagwe huwekewa kiganjani kabla hajaulizwa shida yake. Hakuliweka karibu na mizani. Punje ya kahawa ndani ya pipa ingeungua ndani ya mashine na kutoa ndoo yenye madoa meusi, na hakutaka kubadilisha kosa moja kwa jingine. Alilitundika kwenye msumari wa mlango wa nje. Kisha akaweka utaratibu: mizani, pipa, kifuniko kifungwe kwa komeo, mpini uzungushwe, mchanganyiko ubebwe. Mtu akifika mlangoni na mzigo wake, hapo ndipo Mukashema anampa nyongeza, kiasi apendacho.

"Kiasi nipendacho?" aliuliza Mukashema.

"Kabisa."

"Na akipiga mluzi?"

"Asipate hata moja."

Mukashema aliutoa mkono kwapani. Pipa lililofuata alilipima akiongea, akizungusha mpini akiongea, na mlangoni alimpa Nsanzimana viganja viwili vya kahawa, akamwambia cha pili ni kwa ajili ya shingo yake, maana imeanza kukonda kama ya kanga. Nsanzimana alijibu kwamba shingo yake imekonda kwa kuwaza mahari. Ndoo zilitoka. Evaresta alitoa moja, akaiweka kando ya ile ya pipa la asubuhi.

Zilikuwa buluu moja.

Mutabazi alipita mchana. Alikutana na Mukashema mlangoni, akatoka kwake akiwa na mkono umejaa kahawa na shavu limevimba.

"Umempata mwenye kosa?" alimuuliza Evaresta.

"Nimelipata kosa, Ta Mutabazi," alijibu kwa heshima.

"Nauliza mwenyewe."

"Kiasi cha rangi kilikuwa kinabadilika baada ya mizani. Sasa hakibadiliki."

Mutabazi alihamishia kahawa shavu la pili. Alikuwa akijua kwamba Evaresta akijibu swali ambalo hakuulizwa, lile aliloulizwa halitajibiwa. "Na hii kahawa mlangoni ni ya nini?"

"Ndilo kosa lenyewe. Tumelihamisha."

Mwenye mali aliitazama kahawa iliyobaki kiganjani, akaitia yote mdomoni, akaenda zake.

Alhamisi na Ijumaa mashine haikupumzika ila umeme ulipokatika. Nsanzimana alikuwa na adabu ya ajabu, na kufikia Ijumaa mchana alikuwa ametafuna kahawa nyingi kiasi kwamba macho yake hayakufumba vizuri hata alipopiga chafya. Ijumaa jioni ndoo mia tatu zilikuwa zimepangwa ghalani, zimeingizwa moja ndani ya nyingine kama minara, kila moja ikiwa imeandikwa kitakoni siku na zamu yake.

Kyarisiima alifika Jumamosi saa nne asubuhi kwa pikapu, kikoi begani, viatu vikiwa na udongo mwekundu wa njia ya Kyerwa. Alimsalimia Mukashema kwanza kwa kuwa ndiye mkubwa, akapewa kahawa, akaiweka mfukoni. Hakutaka kukaa. Aliagiza ndoo zitolewe, si zile za juu za minara bali moja kutoka katikati ya kila mnara, na zipangwe kwenye nyasi mahali pasipo na kivuli. Kisha akamwambia dereva wake azichanganye.

"Wewe kijana," alimwambia Nsanzimana. "Ipi ya Alhamisi, ipi ya Ijumaa?"

Nsanzimana alizunguka safu, akakuna kichwa. "Mama, mimi ndiye niliyezitoa tumboni mwa mashine, na siwajui."

"Hilo huenda ni uvivu." Alianza kutembea.

Evaresta alisimama na mikono nyuma. Mutabazi alikuwa kando yake na simu mkononi. Kyarisiima alipita safu yote hadi mwisho, akarudi, akapita tena kwa upande wa pili ili jua liwe mgongoni mwake. Kufika ndoo ya saba alisimama. Akaigusa kwa ncha ya kiatu.

"Hii si ya kundi hili."

Mukashema alishika kifua. "Sikutia kitu!" alisema kwa sauti. "Naapa, mkono haukwenda!"

"Haukwenda wapi?" aliuliza Mutabazi.

Evaresta alikuwa ameshaiinua ndoo ile. Aliigeuza, akasoma kitakoni: Alhamisi, asubuhi. Akachukua ya pembeni, Ijumaa. Aliziweka pamoja juani. Kyarisiima alikuwa sahihi. Ndoo ya Alhamisi ilionekana nyepesi, kama nguo iliyofuliwa mara moja zaidi. Aliitazama kwa pembeni, akapitisha kidole gumba ubavuni mwake, akafanya hivyo kwa ile nyingine.

"Nsanzimana, lete maji."

"Ya kunywa?"

"Ya kumwaga."

Alilowesha ndoo zote mbili kwa mkono wake, ndani na nje, mpaka maji yakatiririka, akazirudisha juani bega kwa bega.

"Tazama sasa," alimwambia Kyarisiima.

Kyarisiima alichuchumaa. Chini ya maji, ndoo mbili zilikuwa buluu moja. Alizitazama kwa upande huu, akahamia ule. Akaifuta moja kwa kikoi, ikarudi kuwa nyepesi. Akailowesha mwenyewe, ikarudi kuwa sawa na mwenzake.

"Eleza."

"Ni miongoni mwa zile za kwanza za asubuhi ile. Kalibu ilikuwa bado baridi, kwa hiyo ngozi ya juu haikung'aa. Inaparuza kidogo, ipitishie kidole utasikia. Rangi ni ileile na dawa ni ileile. Ingekuwa rangi imepungua, maji yasingeweza kuirudisha."

Kyarisiima alipitisha kidole. Alichukua muda wake wote.

"Ndama akitoka kunyeshewa mvua, na ndugu yake akitoka zizini," alisema mwishowe, "mtu asiyejua anaweza kusema hawakuzaliwa na ng'ombe mmoja." Akasimama, akajifuta mikono. "Lakini hiyo sitaichukua. Nitawaelezaje wanachama? Kila siku niwamwagie maji?"

"Zipo nyingine tano za namna hiyo," alisema Evaresta. "Zote za asubuhi, kalibu ikiwa baridi. Nilipaswa kuziondoa mwenyewe. Nitazitoa, na tutakutengenezea sita badala yake leo hii."

Mutabazi alimtazama kwa jicho la mtu ambaye muuzaji wake amemwonyesha mnunuzi tundu la shati. Kyarisiima naye alimtazama Evaresta, kwa muda mrefu kidogo kuliko alivyozitazama ndoo.

"Sita," alisema.

"Sita."

"Nyingine zote pakieni."

Dereva na Nsanzimana walianza kubeba minara. Mukashema alikaa kwenye kizingiti, akanyoosha goti lake.

"Nipige simu Mwanza?" Mutabazi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Piga," alisema Evaresta. "Mwambie haiuzwi."

Mutabazi alikwenda nyuma ya ghala, na sauti yake ikasikika ikimuuliza mtu habari za familia, kisha habari za mvua, kisha ikasema kwamba hapana, mashine ina kazi.

Nsanzimana aliwasha mashine. Safari hii Evaresta aliisubiri kalibu ipate joto, akatupa ndoo nne za kwanza kwenye pipa la ndoo mbovu za kusagwa upya, na zilizofuata akazikagua moja moja juani, kavu. Kyarisiima alizipokea dirishani mwa pikapu, moja baada ya nyingine, na kila moja aliipitishia kidole kabla ya kumpa dereva. Ya sita ilikuwa bado ya moto. Aliiweka mapajani.

"Fundi," alisema. "Zitahitaji vifuniko. Buluu hii hii."

Saa sita kasoro robo pikapu ilikata kona kuelekea Bugomora.